Taa Zangu Ziliwapofusha Watu

Naungama kwamba kwa muda mrefu niliendesha gari usiku huku nikiwapofusha watu niliokutana nao barabarani. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na mwendo wa kutisha. Nilichofanya ni kung'oa globu za kawaida kwenye taa kubwa za gari langu na kuweka za LED. Nilifanya hivyo kwa hiari yangu. Nilipoonywa nilibisha, na wenzangu waliponiuliza niliwashawishi nao wafanye vivyo hivyo. Mtu mmoja aliumia. Hakuna fundi, muuzaji wala kiwanda ninachokitwisha mzigo huu. Nilikuwa na nafasi ya kujua na sikuitumia.

Gari lenyewe ni Toyota Probox, iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu, na ndiyo inayobeba bidhaa za duka langu la Iringa. Mara nyingi nateremka Morogoro alfajiri, nanunua mzigo mchana, narudi usiku. Wanaoijua barabara hiyo watanielewa. Unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo na twiga huvuka lami bila kumngoja mtu. Unafika Ruaha Mbuyuni, unaanza kuukwea Mlima Kitonga wenye kona kali. Mbele yako kuna malori ya mizigo ya Tunduma, Zambia na Kongo yakijikongoja kupanda, na mengine yanashuka yakikukabili. Ukiumaliza mlima unaingia Ilula, ambako hata usiku watu wako pembeni mwa lami na ndoo za nyanya na magunia ya vitunguu, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli zisizo na taa. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina taa za barabarani. Unachokiona ni kile tu ambacho taa za gari lako zimekifikia.

Taa za Probox yangu zilikuwa zimechoka. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, hafifu, na mvua ikinyesha nilihisi kama sijawasha kitu. Nilianza kuuogopa usiku. Hofu hiyo ilikuwa ya haki na sijutii kuwa nayo. Ninachojutia ni kwamba sikuuliza hata mara moja kwa nini taa zimefifia, wakati gari hilo hilo lilipofika kwangu lilikuwa linamulika vizuri. Nilikimbilia kununua.

Dukani, kijana wa spea alichukua globu ya LED akaigusisha kwenye nyaya za betri palepale kaunta. Mwanga mweupe ukajaa duka zima. Macho yangu yaliuma, nikageuza uso. Boksi lilikuwa na maandishi makubwa: mwanga mara kadhaa zaidi ya wa kawaida, rangi ya 6500K, unachomeka na kuondoka. Nilichukua maumivu yale ya macho kuwa uthibitisho wa ubora. Leo nikilikumbuka hilo nasikia aibu, kwa sababu jibu la swali lote lilikuwa pale pale: kilichoniuma mimi nikiwa nimesimama dukani ndicho nilichokwenda kuwamwagia wengine wakiwa wameshika usukani.

Fundi aliyenifungia aliona tatizo la kwanza mapema. Globu ile ilikuwa na feni ndogo mgongoni ya kuipoza, na kile kifuniko cha mpira kinachoziba nyuma ya taa hakikuweza kufunga. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia akate mpira, akaukata kwa wembe. Akauliza tena, "Bosi, tukazipime ukutani kwanza, tuone zinapiga wapi?" Nikamjibu nina haraka. Alinishauri jambo la maana na mimi nikalikataa. Hilo ni langu.

Usiku wa kwanza nilifurahi kupita kiasi. Lami ya mbele ya boneti ilikuwa nyeupe kabisa. Vibao vya barabarani viling'aa kutoka mbali. Majani ya pembeni yalionekana moja moja. Nilipiga picha nikawatumia madereva wenzangu kwenye kundi letu la simu, nikaandika kwamba anayeendelea na globu za zamani anahatarisha maisha yake. Baadhi yao walinunua kwa neno langu. Wale nao ni sehemu ya deni langu.

Kisha zikaanza ishara. Malori yaliyokuwa yakija mbele yalinipigia fulu. Mara ya kwanza nilidhani dereva ananisalimia au ananionya kuhusu trafiki. Baadaye nikaelewa kwamba wananiambia nishushe taa, nami nilikuwa tayari kwenye dimu. Kwa hiyo nikawa najibu: nawasha fulu yangu kwa sekunde moja, wajue kwamba kile walichokiona mwanzo kilikuwa dimu. Nilijiona mwenye haki. Kwa kweli nilikuwa namwadhibu mtu kwa kulalamika kwamba namuumiza.

Kuna mzee mmoja, dereva wa semi, alinikuta nimesimama kula Ruaha Mbuyuni. Alilizunguka gari langu, akaziangalia taa, akanifuata mezani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ile Probox ni yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Juzi usiku tulipishana pale Kitonga. Uliniondolea barabara. Nilishika breki sijui kona iko wapi."

"Lakini mzee, mimi nilikuwa kwenye dimu."

"Dimu ya swichi yako naijua. Mimi nakwambia kilichonifika machoni."

Nilimwitikia kwa adabu, na moyoni nikamdharau. Nilijiambia kwamba amezeeka, macho yake yamechoka, astaafu. Ni kweli kwamba mtu mwenye umri mkubwa akipigwa na mwanga mkali, macho yake huchukua muda mrefu zaidi kurudi kuona gizani. Nililijua hilo na nikalitumia kama hoja dhidi yake. Sikufikiri kwamba mtu wa aina hiyo, akiwa na tani nyingi za mzigo mgongoni na mteremko mbele yake, ndiye hasa ninayepaswa kumlindia macho, maana mimi ndiye ninayekuja kumkabili.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Niliwahi kukutana na gari dogo lenye taa kama zangu karibu na Mikumi. Kwa muda sikuona mstari wa lami, sikuona ukingo, sikuona kama mbele kuna mnyama au mtu. Nilimtukana dereva yule kwa sauti, peke yangu ndani ya gari. Nikaendelea na safari, taa zangu zikiwa vilevile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Usiku mmoja, nikiwa nimeshapita Ilula kuelekea Iringa, gari likiwa limejaa mzigo hadi darini, niliona baiskeli ikija upande wa pili. Ilikuwa na magunia mawili ya mkaa nyuma. Mwendeshaji aliinua mkono mmoja akaziba uso. Baiskeli ikayumba, ikatoka kwenye lami. Nilipunguza mwendo, nikatazama kwenye kioo, nikaona giza. Nilisita. Kisha nikajiambia kwamba amepisha tu, kama wanavyopisha kila siku, na nikakanyaga mafuta. Sikusimama. Katika yote ninayoungama hapa, hilo ndilo zito kuliko mengine, kwa kuwa taa nilizifunga kwa ujinga, lakini kuondoka niliondoka kwa kujua.

Wiki ile ile nilisimama mchana eneo hilo hilo kununua vitunguu. Mama aliyekuwa akinipimia alikuwa akimsimulia mwenzake habari za jirani yao aliyetupwa mtaroni na "gari la taa nyeupe", akateguka bega, mkaa ukamwagika, rimu ya nyuma ikapinda. Nililipa, nikachukua chenji, nikaondoka bila kusema neno. Niliendesha hadi nyumbani nikiwa na vitunguu ambavyo sikutaka hata kuvitazama.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa fundi mwingine, mtu wa makamo anayeshughulika na umeme wa magari tu. Sikumweleza habari ya baiskeli. Nilimwambia nataka kujua taa zangu zina nini. Hakubishana nami wala kunihubiria. Alisema turudi jioni giza likiingia, na nije na globu moja mpya ya kawaida.

Jioni tulilisimamisha gari kwenye uwanja uliosawazika, mita 10 kutoka ukutani. Kushoto aliweka globu ya kawaida, kulia akaiacha LED. Akawasha dimu. Upande wa kushoto ukutani ulichoreka mstari safi: chini yake mwanga, juu yake giza, na mwisho wa mstari ukipanda kidogo kuelekea kushoto, kule kwenye ukingo wa barabara wanakopita watembea kwa miguu wa upande wetu. Upande wa kulia hakukuwa na mstari. Kulikuwa na doa kubwa jeupe, na juu yake mwanga uliotawanyika hadi kwenye paa la jengo na kwenye majani ya mwembe uliokuwa nyuma yake. Fundi akaniambia niende nikainame kidogo karibu na ukuta, kimo cha mtu aliye kwenye baiskeli. Akaiziba LED kwa kitambaa kizito. Nikaliona gari, nikaiona bampa, nikamwona yeye amesimama pembeni. Akahamishia kitambaa upande wa pili. Gari likapotea, fundi akapotea, uwanja ukapotea. Nilijikuta nimeinua mkono kuziba uso.

Hapo ndipo nilipomweleza yote.

Aliniketisha akanifafanulia, na tangu siku hiyo nimejifunza zaidi, kwa hiyo nieleze kwa upole jinsi jambo lilivyo. Globu ya taa kubwa ya magari mengi ya aina yangu inaitwa H4. Ilianza kutumika mwaka 1971 na nguvu yake ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Ndani yake kuna nyaya mbili nyembamba zinazowaka. Waya wa dimu umekaa mbele kidogo, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho ndicho chenye kazi kubwa. Kinazuia mwanga usiteremke kwenye nusu ya chini ya ile sahani ya ndani ya taa inayorudisha mwanga mbele, rifleta, kwa sababu mwanga ukigonga nusu hiyo hupaa juu na kwenda kwenye macho ya anayekuja. Ukingo mmoja wa kikombe umekatwa kwa mteremko wa nyuzi 15, na ndio unaofanya mwanga uinuke kidogo upande wa ukingo wa barabara. Rifleta yote imepigiwa hesabu kwa kuamini kwamba mwanga unatoka kwenye waya ule mwembamba, mahali pale pale, ukizunguka pande zote. Ukihama kwa milimita chache tu, hesabu yote imeharibika.

LED niliyofunga haikuwa na waya. Ilikuwa na vipande vidogo vya kutoa mwanga vilivyobandikwa pande mbili za ubao wa chuma wenye unene wake. Mwanga ulitoka ubavuni, kushoto na kulia, na haukutoka mahali ambapo rifleta iliutarajia. Kibati kilichowekwa kuiga kikombe kilikuwa cha kuonyesha tu. Kwa hiyo mwanga mwingi ulienda kusikotakiwa: mwingine juu, mwingine chini kabisa mbele ya boneti.

Na hapa kuna jambo lililonishtua kuliko yote. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sioni vizuri zaidi. Ile lami nyeupe ya mbele ya boneti iliyonifurahisha usiku wa kwanza ilikuwa hasara. Jicho likikutana na mwanga mkali karibu, mboni hujifinya, na yaliyo mbali gizani hupungua kuonekana. Fundi alinikalisha kwenye usukani, akamtuma kijana wake atembee mbali akiwa na koti jeusi. Kwa LED nilimpoteza akiwa bado yuko karibu. Kwa globu ya kawaida, yenye mwanga mdogo kwa kuutazama, niliendelea kumwona hatua nyingi zaidi. Nilikuwa nimewaumiza watu kwa faida ambayo haikuwepo.

Ukungu nao ulikuwa umeshanifundisha na sikusikia. Ukielekea Mafinga asubuhi za baridi, ukungu hushuka hadi kwenye lami. Kwa LED zile mbele yangu palisimama ukuta mweupe, kwa kuwa mwanga uliopaa juu uliugonga ukungu na kunirudia usoni. Redio nayo ilikuwa inakoroma kila nikiwasha taa, maana vifaa vya umeme vya LED za bei rahisi huvuruga mawimbi. Na kupitia lile tundu tulilolikata kwenye mpira, vumbi jekundu lilikuwa limeingia ndani ya taa na kuipaka rifleta. Kila dalili ilikuwa inaniambia, nami nilikuwa nimeamua kutosikia.

Baada ya hapo fundi akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwanzo kabisa: taa za zamani zilififia kwa nini? Akachukua mita. Injini ikiwaka, betri ilikuwa karibu volti 14. Kwenye soketi ya taa zilifika pungufu ya 12. Volti nyingine zilipotelea njiani, kwenye waya wa athi uliokuwa umeshika kutu pale ulipofungwa kwenye bodi, na kwenye soketi iliyoungua. Globu ya waya haisamehe jambo hilo: volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Kisha akanionyesha kioo cha taa, ambacho ni plastiki ngumu. Kilikuwa kimefubaa na kuwa cha manjano kwa miaka mingi ya jua. Nusu ya tatizo langu ilikuwa pale nje, ninapopafuta kwa kitambaa kila asubuhi.

Matengenezo hayakuwa na siri. Alikwangua kutu na kufunga athi upya, akabadilisha soketi. Akaweka rilei na waya mnene ili umeme utoke kwenye betri moja kwa moja kwenda kwenye taa, swichi ibaki ya kuamrisha tu. Plastiki ya taa aliisugua kwa msasa wa maji, kuanzia wenye chembe kubwa hadi laini kabisa wa 2000, akaing'arisha, akapaka vanishi ya kuzuia jua, kwani bila hiyo umanjano hurudi haraka. Akafuta vumbi la ndani kwa uangalifu, akaweka mipira mipya isiyokatwa na globu mpya za kawaida za 60/55. Nilimuuliza kuhusu zile za 100/90 zinazouzwa pia. Akakataa: joto lake huunguza soketi, nyaya na plastiki, na mwanga wake nao hupita kiasi kwa wanaokuja mbele.

Mwisho akapima taa ukutani, akiwa amelipakia gari mzigo wa kawaida na kujaza upepo matairi. Mstari wa dimu, kwa mita 10, unapaswa kuanguka takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Kwangu kipimo hicho kilikuwa na uzito wa pekee. Gari lenye mzigo hukaa kitako, pua ikainuka, na taa zote zikatazama juu. Usiku ule wa baiskeli nilikuwa nimejaza hadi darini. Gharama yote ya kazi hii, ufundi na vifaa, haikufikia bei niliyozinunulia LED. Na niliporudi Kitonga usiku, niliona.

Nilimtafuta mtu wa baiskeli. Yule mama wa vitunguu alinielekeza, baada ya kunitazama kwa muda. Nilimkuta mzee wa miaka kama sitini, mkono umefungwa kwenye kanga. Nilimwamkia, tukasalimiana "kamwene", salamu ya kwao, nikamwambia ni mimi. Nilitarajia hasira, na ilikuwa haki yake. Alinyamaza, kisha akasema, "Mimi gari sikuliona, bwana. Niliona weupe mtupu." Nilimlipia matibabu, rimu na mkaa. Akapokea, akasema yameisha. Kwake huenda yameisha. Kwangu mimi fedha haikufuta kwamba niliondoka nikimwacha mtaroni gizani, na sijitafutii udhuru.

Nimewarudia pia wale niliowashawishi. Nimewaandikia kwenye kundi lile lile nilikojisifu, nikawawekea picha ya ukuta: kushoto mstari, kulia doa. Wapo waliobadilisha. Wapo walioniambia kwamba kila mtu anaweka, na asiyeweka ndiye atakayepofushwa na wenzake. Hoja hiyo naielewa, maana ilikuwa yangu. Lakini ifuatilie hadi mwisho wake: kila mtu anaongeza mwanga kwa sababu mwingine ameongeza, na mwisho barabara nzima inakuwa ya watu wasioonana. Anayeumia kwanza ni yule asiye na taa kabisa: mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli, mtoto anayetoka dukani alikotumwa.

Sitaki mtu aseme kwamba naichukia LED. Ni kazi kubwa ya binadamu. Globu ya kwanza ya halojeni (ndiyo hii ya waya ninayoiita ya kawaida) ya taa kubwa za magari na LED ya kwanza ya mwanga mwekundu, aliyoitengeneza Nick Holonyak, zote zilitokea mwaka mmoja, 1962. Ilichukua miongo mitatu hivi kupata LED angavu ya bluu, ambayo ndiyo iliyowezesha mwanga mweupe, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Magari yaliyotoka kiwandani na taa kubwa za LED, kuanzia Lexus LS 600h ya 2007, yana taa iliyobuniwa yote kwa ajili ya LED: lenzi yake, rifleta yake, upozaji wake. Hapo LED iko mahali pake. Tatizo ni kuchukua chanzo kimoja cha mwanga na kukiweka kwenye nyumba iliyojengewa kingine.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili na kulichukulia hatua. Uingereza, tangu 2021, gari lenye taa ya halojeni iliyotiwa LED kwa kawaida linashindwa ukaguzi wa kila mwaka. Ujerumani, mwaka 2020, iliruhusu kwa mara ya kwanza LED za kubadilisha zilizotengenezwa na Osram, lakini kwa magari yaliyotajwa kwa jina tu, baada ya kila aina ya taa kupimwa na globu hiyo. Somo lake ni moja: globu na taa hupimwa pamoja. Boksi peke yake haliwezi kukuhakikishia kitu, hata liwe na maandishi makubwa kiasi gani.

Ukiipenda LED, iweke kwenye taa ya ndani ya gari au ya kumulika namba. Huko hakuna macho ya mtu anayekuja kwa kasi. Kwenye taa kubwa, anza na ulichonacho. Safisha plastiki. Pima umeme unaofika kwenye soketi. Badilisha globu iliyochoka kwa mpya ya nguvu ile ile. Gari lako likiwa na kiswichi cha kushusha taa karibu na usukani, kile chenye namba kuanzia 0, kitumie kila unapopakia mzigo. Kisha lisimamishe mbele ya ukuta, giza likiingia, na utazame. Ukiona mstari safi chini ya kimo cha taa, uko salama. Ukiona doa, umeshapofusha mtu.

Na wakikupigia fulu usiku, ukiwa kwenye dimu, usijibu. Mtu anakuambia kilichomfika machoni. Mwamini, kwa sababu yeye ndiye yuko upande ambao wewe huwezi kuuona. Akiyumba mbele yako na kutoka barabarani, simama.

Dereva mwenzangu, kama taa zako zilitengenezwa kwa globu ya waya na wewe umetia LED, nakuomba uzitoe leo kabla ya safari yako ya usiku. Zangu nilizivunja kwa nyundo mbele ya fundi, asije mtu akazinunua.